Je, Mirihi Yaweza Kukaliwa?

Mwaka 1817 mchungaji wa Scotland aitwaye Thomas Chalmers alichapisha mahubiri aliyokuwa ameyatoa siku za Alhamisi katika kanisa la Tron, mjini Glasgow. Mahubiri hayo hayakuhusu ulevi wala ndoa, bali nyota na sayari, na kitabu chake kiliuzwa maelfu ya nakala katika mwaka wake wa kwanza. Kilichowavuta watu ni swali lililokuwa likiwasumbua wasomi wa wakati ule. Darubini zilikuwa zimeonyesha kwamba ulimwengu ni mkubwa kupita walivyodhani wazee, na baadhi ya wasioamini walikuwa wakiuliza: inawezekanaje Mungu mwenye mbingu pana namna hiyo amtume Mwanawe afe kwenye chembe ya vumbi iitwayo dunia?

Chalmers hakubishana na darubini. Alikubali kwamba sayari nyingine huenda zina wakazi wao, kisha akawakumbusha wasikilizaji kwamba baada ya darubini ilikuja pia hadubini, na hadubini ilionyesha kuwa hata ndani ya tone la maji mna viumbe walioumbwa kwa uangalifu mkubwa. Mungu anayeshughulika na vidogo kiasi hicho hashindwi kuishughulikia dunia. Jibu hilo bado ni zuri. Lakini nyuma yake kulikuwa na dhana ambayo Wakristo wengi wa enzi ile waliishika bila kuichunguza: kwamba Mungu hafanyi kitu bure, na kwa hiyo sayari aliyoiumba lazima iwe na mwenyeji.

Aliyeichunguza dhana hiyo alikuwa mtu wa kanisa pia. William Whewell, kasisi wa Anglikana na mkuu wa Trinity College huko Cambridge, alitoa kitabu mwaka 1853 bila kuweka jina lake, ingawa haikuchukua muda watu kumtambua. Whewell alizipitia sayari moja moja na kuuliza maswali ya mtu anayetafuta kiwanja: kuna hewa? Kuna maji? Kuna joto la kutosha? Mwezi hauna hewa wala maji. Mshtarii uko mbali mno na jua, na uzito wake ukilinganishwa na ukubwa wake unakaribia ule wa maji, si wa mawe. Kisha akaleta hoja iliyowashtua waumini wenzake. Wanajiolojia, alisema, wametuonyesha kwamba dunia yenyewe ilikaa vizazi visivyohesabika bila mwanadamu. Ikiwa Mungu aliridhika kuuacha wakati mrefu namna hiyo bila watu, kwa nini asiridhike kuziacha sehemu kubwa za anga bila watu? Mwaka uliofuata mwanafizikia David Brewster, naye muumini mwenye bidii, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake mwenyewe. Kwake yeye sayari tupu ilikuwa karibu sawa na kumtukana Muumba.

Nimeanza na ugomvi huu wa waumini kwa sababu vijana wetu wengi wanadhani mjadala wa sayari nyingine ni vita kati ya sayansi na kanisa. Haukuanza hivyo. Na swali la Whewell, kama pale pana hewa, maji na joto, ndilo lililokuja kutawala historia yote iliyofuata.

Mwaka 1877 Mirihi ilipoikaribia dunia, Giovanni Schiaparelli, aliyekuwa akisimamia kituo cha kutazamia nyota cha Brera mjini Milano, aliona mistari membamba juu ya uso wake. Akaiita canali. Neno hilo la Kiitaliano laweza kuwa mkondo wa asili, na laweza kuwa mfereji uliochimbwa na watu. Waliolipeleka kwenye Kiingereza walichukua maana ya pili, na mfereji hauchimbwi bila mchimbaji. Sisi tunaosoma Maandiko katika tafsiri tunajua jinsi neno moja linavyoweza kubeba mzigo ambao mwandishi hakuupakia.

Tajiri mmoja wa Boston, Percival Lowell, aliupokea mzigo huo kwa mikono miwili. Mwaka 1894 alijenga kituo chake mwenyewe Flagstaff, Arizona, na kwa miaka mingi alichora ramani za mifereji mamia kwa mamia. Alieleza kwamba Mirihi ni sayari inayozeeka na kukauka, na kwamba viumbe wenye hekima wameungana kuchimba njia za kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha zake. Watu waliipenda hadithi hiyo. Ilikuwa na huzuni, ilikuwa na ushujaa, na ilitolewa na mtu mwenye darubini kubwa.

Mzee wa miaka 84 ndiye aliyeibomoa. Alfred Russel Wallace, yule aliyetangaza nadharia ya uteuzi wa asili pamoja na Darwin mwaka 1858, alichapisha mwaka 1907 kitabu kidogo kilichouliza swali nililoliweka juu ya makala hii. Wallace hakuwa Mkristo wa kawaida. Aliamini mambo ya kuwasiliana na roho za wafu, na hapo siwezi kumfuata. Lakini hesabu zake zilikuwa safi. Mirihi iko mbali na jua, hewa yake ni nyembamba, hivyo lazima iwe na baridi kali kuliko Lowell alivyodai. Na ni mhandisi gani mwenye akili atakayepitisha maji katika mifereji ya wazi, maelfu ya kilomita jangwani, yakauke na kuzama njiani? Wallace alihitimisha kwamba Mirihi haina wakazi, na tena haikaliki.

Ilichukua miaka 58 kumthibitisha. Julai 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kutuma picha 21 na kipande cha nyingine. Hapakuwa na mifereji. Palikuwa na mashimo ya vimondo, kama uso wa mwezi. Kipimo kilichoumiza zaidi hakikuwa picha: chombo kilipopita nyuma ya sayari, mawimbi yake ya redio yalipenya katika hewa ya Mirihi kabla ya kutufikia, na kutokana na jinsi yalivyobadilika wanasayansi walijua uzito wa hewa ile. Haufiki asilimia moja ya hewa yetu.

Tukae kidogo hapa, kwa sababu neno "hewa nyembamba" linapita masikioni kirahisi. Anayeishi nyanda za juu anajua kwamba maharage huchelewa kuiva kuliko pwani. Ni kwa sababu hewa ya mlimani inagandamiza maji kidogo, nayo huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Endelea kupunguza mgandamizo huo, na maji yatachemka kwa joto dogo zaidi na zaidi. Hewa ya dunia usawa wa bahari ina mgandamizo wa milibari 1,013. Ikishuka chini ya milibari 63, maji huchemka kwa nyuzi 37, yaani joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya. Mirihi ina milibari 6 hivi. Pale maji ya kimiminika hayana mahali pa kukaa: ama yanaganda, ama yanachemka na kutoweka, na tofauti kati ya hayo mawili ni ndogo sana. Mtu asiye na vazi la kumfunga mwili mzima hangefika hata mahali pa kulalamikia kukosa oksijeni.

Ajabu ni kwamba tumaini halikufa. Lilibadilisha sura tu. Swali la "nani anakaa huko?" likawa "je, twaweza kupatengeneza pakalike?" Neno la Kiingereza la kazi hiyo, ya kuifanya sayari ifanane na dunia, lilikuwa tayari limebuniwa mwaka 1942 na mtunzi wa hadithi, Jack Williamson. Mwanasayansi aliyeliingiza wazo hilo katika majarida ya kitaalamu ni Carl Sagan. Mwaka 1961, akiwa kijana, alipendekeza kwamba mwani upandwe katika mawingu ya Zuhura ili ule hewa ya ukaa na kutoa oksijeni, sayari ipoe. Kisha vyombo vikaenda. Ikaonekana kuwa uso wa Zuhura una joto la nyuzi 460 hivi, mawingu yake ni ya asidi ya salfa, na hewa yake inagandamiza mara 90 kuliko yetu. Hata kama mwani ungefaulu, oksijeni ambayo ungeitoa ingekuwa nzito na ya hatari katika joto lile. Sagan mwenyewe alikiri baadaye, kwa maandishi, kwamba mpango wake usingefanya kazi. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa vipindi vyake vya televisheni.

Mwaka 1973 aligeukia Mirihi, na mwaka 1976 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa ripoti nzima kuhusu suala hilo. Wazo lilikuwa rahisi kulieleza. Ncha za Mirihi zina hewa ya ukaa iliyoganda. Ukizipasha moto, hewa hiyo itapanda na kuwa blanketi. Blanketi litaongeza joto. Joto litayeyusha zaidi. Ukishaisukuma, gari litateremka lenyewe. Ripoti ile haikuona kizuizi cha kimsingi kisichovukika, ingawa ilisema muda ungekuwa mrefu mno. Kwa zaidi ya miaka 40 wazo hili limelisha vitabu, filamu na ahadi za matajiri.

Lakini mpango wote ulitegemea ghala ambalo hakuna aliyekuwa amelipima. Mwaka 2018 Bruce Jakosky na Christopher Edwards walichapisha hesabu yake, baada ya miaka 20 ya vyombo kuizunguka Mirihi na kuipima. Barafu yote ya hewa ya ukaa kwenye ncha ikiyeyushwa, mgandamizo wa hewa utaongezeka mara mbili tu. Ukichukua na ile iliyonaswa katika udongo na katika mawe yanayofikika, utafika milibari 20 hivi. Ili maji yatiririke, unahitaji hewa ya ukaa inayokaribia milibari 1,000. Ghala lina asilimia mbili ya mahitaji.

Hewa ilikwenda wapi, maana mabonde ya mito iliyokauka yanaonekana wazi tangu picha za Mariner 9 za mwaka 1972? Sehemu kubwa ilikwenda angani. Zamani sana Mirihi ilikuwa na uga wa sumaku kama tulio nao, nao ulizimika. Tangu hapo upepo wa jua, yaani chembe zenye umeme zinazorushwa na jua, umekuwa ukiiparura hewa yake. Chombo cha MAVEN, kilichoanza kuizunguka Mirihi Septemba 2014 chini ya uongozi wa Jakosky huyohuyo, kilikuta inapoteza kama gramu 100 kila sekunde, na zamani, jua lilipokuwa changa na lenye dhoruba kali, ilipoteza zaidi. Hewa iliyokwenda hivyo hairudishwi.

Vizuizi vingine nitavipitia kwa haraka, si kwa sababu ni vidogo. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu, na hakuna mashine ya kuuongeza. Udongo wake una chumvi za perikloreti, sumu kwa tezi la shingo, zilizogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008. Mionzi kutoka angani inafika ardhini karibu bila kupungua. Naitrojeni, ambayo mimea yetu haiwezi kuishi bila hiyo, ni kidogo. Kuhusu oksijeni, mashine ndogo iitwayo MOXIE, iliyofika Mirihi mwaka 2021, ilifaulu kuitengeneza kutokana na hewa ya ukaa: iliwashwa mara 16 na ikatoa gramu 122 kwa jumla. Ni kazi ya kusifiwa. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 kwa siku.

Nimewahi kusikia mahubiri yanayofurahia takwimu za namna hii. Mhubiri anataja Babeli, anacheka kidogo, na waumini wanaitikia amina. Sidhani kama furaha hiyo ni halali. Wajenzi wa Babeli hawakusimama katikati ya kazi wakatangaza kwamba matofali hayatoshi. Jakosky alifanya hivyo, Sagan alifanya hivyo, na Wallace alifanya hivyo wakati ambapo uongo ulikuwa mtamu zaidi na uliuza magazeti. Anayempenda Mungu wa kweli hana sababu ya kumcheka mtu anayepima na kusema alichokipima.

Wala sidhani kwamba Brewster alikuwa sahihi kuogopa sayari tupu. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anapomjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, mojawapo ya maswali yake ni nani anayeipeleka mvua kwenye jangwa ambako hakuna mtu hata mmoja. Nijuavyo mimi, hilo ni jibu kwa dhana kwamba kila alichokifanya Mungu lazima kiwe na mpangaji. Kuna mvua isiyoota shamba la mtu. Mabonde ya Mirihi yalipitisha maji, yakakauka, na hakuna aliyeteka hata ndoo moja, na Muumba hatudai sisi tumtetee kwa hilo.

Linalonigusa zaidi ni upande wa pili wa hesabu: kama kuitengeneza sayari ni kugumu hivi, tunajua nini kuhusu hii iliyotengenezwa tayari? Watu walijaribu kujibu, tena si angani bali katika jangwa la Arizona, karibu na mji mdogo wa Oracle. Kwa fedha za tajiri wa Texas, Ed Bass, lilijengwa jumba la vioo na chuma lenye ukubwa wa zaidi ya ekari tatu, likafungwa hewa isiingie wala kutoka. Waliliita Biosphere 2, wakihesabu kwamba ya kwanza ni dunia. Ndani yake waliweka msitu wa mvua, bahari ndogo yenye matumbawe, kinamasi cha mikoko, mbuga, jangwa na shamba. Waliweka mbuzi, kuku, nguruwe, hata komba. Tarehe 26 Septemba 1991 wanaume wanne na wanawake wanne waliingia na mlango ukafungwa kwa miaka miwili.

Kumbuka walikuwa na faida zote ambazo mtu wa Mirihi hana. Jua lilikuwa letu, uzito wetu, udongo wa dunia, umeme ukiletwa kutoka nje, na hospitali nyuma ya ukuta. Mmoja wao, Jane Poynter, alipokatwa kidole na mashine ya kupuria, alitolewa akapasuliwa na kurudishwa baada ya saa chache.

Chakula hakikutosha. Majira yale yalikuwa na mawingu kuliko kawaida na mazao yakapungua. Walikula ndizi, na viazi vitamu vingi kiasi kwamba ngozi za baadhi yao zilibadilika rangi kuelekea machungwa. Walikonda. Nguruwe waligeuka washindani wa chakula, wakachinjwa. Wadudu wanaochavusha maua walikufa, na mahali pao wakatawala sisimizi na mende. Wale wanane waligawanyika makundi mawili ambayo yalifika mahali pa kutosemezana isipokuwa kwa kazi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa hatashangaa.

Na pumzi ikawa inapungua. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Mwezi baada ya mwezi kiwango kilishuka, na kufikia Januari 1993 kilikuwa kama asilimia 14, sawa na kukaa mlimani kwenye mita 4,000 hivi. Wapanda Kilimanjaro hupita kimo hicho baada ya Horombo. Watu walihema kwenye ngazi na kukosa usingizi. Hatimaye oksijeni ililetwa kutoka nje ikaingizwa.

Chanzo hakikuwa fumbo. Ili mazao yastawi, udongo ulikuwa umejazwa mboji, na bakteria walioila mboji walivuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Fumbo lilikuwa kwamba hewa ya ukaa haikuongezeka kwa kadiri oksijeni ilivyopungua. Kuna kitu kilikuwa kinaimeza. Mwanafunzi wa utafiti kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, Jeff Severinghaus, akishirikiana na mwalimu wake Wallace Broecker na wenzao, alikwenda kupima zege za kuta. Zege mpya ina chokaa, na chokaa hufyonza hewa ya ukaa na kugeuka jiwe. Waliikuta pale. Wahandisi walikuwa wamefikiria msitu, bahari, mbuzi na sisimizi, ukuta hawakuufikiria.

Wale wanane walitoka tarehe 26 Septemba 1993, wote wakiwa hai. Kundi la pili liliingia mwaka 1994 na halikumaliza mwaka. Baadaye jumba lilihamia mikononi mwa watafiti, na kwa sasa ni la Chuo Kikuu cha Arizona. Hakuna anayefungiwa humo tena. Msitu wa mvua uko, umekua, na miti imefika karibu na vioo vya paa. Mwaka 2019 watafiti waliunyima maji kwa wiki kadhaa, wakapima jinsi majani, mizizi na bakteria wa udongoni walivyoitikia, ili kujua misitu iliyo nje itafanya nini mvua ikikosekana. Halafu wakaifungulia mvua tena, wakaendelea kupima.